Margaret Thatcher na Mizani ya Uadilifu: Vipi Muislamu Amzungumzie Mtawala Aliyewagawa Watu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahli zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, tarehe 8 Aprili 2013 alifariki mjini London Bi Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 87. Siku hiyo hiyo wako waliopeleka maua mlangoni kwake kwa huzuni, na wako waliotoka mitaani huko Brixton na Glasgow wakicheza kwa furaha. Wimbo wa filamu ya zamani ya watoto, unaoshangilia kufa kwa mchawi, ulinunuliwa kwa wingi mpaka ukashika nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi nchini humo. Tarehe 17 Aprili, wakati wakubwa wa nchi na wageni wao wamekaa katika Kanisa la St Paul's kumuaga, katika kijiji cha Goldthorpe, Yorkshire, watu walitembeza jeneza la mzaha na kuchoma moto sanamu lake.

Miaka imepita lakini mjadala haujafa. Vijana wetu wanaosoma Uingereza, na jamaa zetu waliohamia huko, hukuta jina lake likizua ugomvi kazini na chuoni, na maswali hutufikia. Je, alikuwa kiongozi mwema au dhalimu? Je, inafaa Muislamu kufurahia kifo cha mtu kama huyu? Na kumtaja kwa ubaya aliyekwisha kufa, ni haramu au ni haki ya aliyeumizwa?

Wanazuoni wa usuli wana kanuni kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Kwa hivyo tutaeleza kwanza aliyoyafanya, kisha tuyaweke kwenye mizani ya sharia.

Alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1925 katika mji mdogo wa Grantham. Baba yake alikuwa muuza duka la vyakula na mhubiri katika kanisa la Methodist. Alisoma kemia Oxford, akaingia Bungeni mwaka 1959, na mwaka 1975 akachaguliwa kukiongoza Chama cha Conservative. Tarehe 4 Mei 1979 akawa mwanamke wa mwanzo kushika uwaziri mkuu wa nchi hiyo. Alishinda chaguzi kuu tatu mfululizo, za 1979, 1983 na 1987, na aliondoka madarakani Novemba 1990 baada ya wenzake chamani kumgeuka. Gazeti la jeshi la Kisovieti ndilo lililompa lakabu ya Mwanamke wa Chuma, na yeye aliipenda.

Wanaomsifu wanasema nini?

Ili kuwafahamu wanaomsifu, lazima mtu aijue Uingereza ya kabla yake. Majira ya baridi ya mwaka 1978 kuingia 1979 nchi ilijaa migomo. Taka zilirundikana mitaani, hospitali zikapokea wagonjwa wa dharura tu, na Liverpool wachimba makaburi waligoma hata maiti zikawa zinawekwa zikisubiri kuzikwa. Bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa kasi. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 20 mwaka 1980, na kufika 1983 ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 5. Kwa mstaafu aliyekuwa akiona akiba yake inayeyuka, hilo halikuwa jambo dogo.

Kisha kuna nyumba. Sheria ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za serikali za mitaa haki ya kuzinunua kwa bei iliyopunguzwa. Familia zaidi ya milioni moja zilipata nyumba zao wenyewe kwa njia hiyo. Mtu ambaye babu na baba yake waliishi maisha yao yote kwa kulipa kodi ya pango, leo ana hati ya nyumba mkononi. Ukimuuliza mtu huyo habari za Thatcher, hatakueleza siasa, atakuonesha mlango wake.

Na mwaka 1982, Argentina ilipovamia visiwa vya Falkland tarehe 2 Aprili, alipeleka jeshi la majini masafa marefu na kuvirejesha kufikia tarehe 14 Juni. Waingereza wengi waliona heshima ya nchi yao imerudi. Lakini vita hivyo viliua wanajeshi 255 wa Kiingereza na 649 wa Argentina, pamoja na wakaazi watatu wa visiwa hivyo, na kila mmoja kati yao alikuwa na mama.

Wanaomlaani wanasema nini?

Sasa twende upande wa pili wa mlango. Sera ile ile iliyoshusha mfumuko wa bei ilifunga viwanda. Mwaka 1982 wasio na kazi walizidi milioni tatu. Mashirika ya umma yaliuzwa moja baada ya jingine: simu mwaka 1984, gesi 1986, ndege 1987, na maji 1989. Nyumba za serikali zilizouzwa hazikujengewa badala yake za kutosha, na waliokuja nyuma wakakosa pa kupanga kwa bei nafuu.

Kidonda kikubwa zaidi ni cha wachimbaji wa makaa ya mawe. Machi 1984 shirika la serikali la makaa lilitangaza kuyafunga machimbo 20, na ajira 20,000 zilikuwa ziondoke nayo. Wachimbaji zaidi ya laki moja waligoma mwaka mzima, chini ya kiongozi wao Arthur Scargill. Wanawake wa vijiji vile walipika vyungu vya pamoja ili watoto wasilale njaa. Machi 1985 walirudi kazini bila kupata walichokidai, na machimbo yakaendelea kufungwa. Chimbo la mwisho la chini sana ardhini, Kellingley, lilifungwa Disemba 2015. Kijiji ambacho kila mwanamume wake alikuwa mchimbaji, chimbo likifungwa, hufungwa pia duka, klabu na matumaini ya vijana.

Uadilifu unatutaka tutaje na hoja ya serikali. Machimbo mengi yalikuwa yakila hasara na kulipiwa kwa kodi za wananchi, na chama cha wachimbaji kiligoma bila ya kupiga kura ya taifa. Kwa sababu hiyo wachimbaji wengi wa Nottinghamshire waliendelea kufanya kazi. Hapo ndipo fitna ilipoingia majumbani. Ndugu aliyegoma na ndugu aliyeingia kazini waliacha kusemezana. Huko Wales, dereva wa teksi aliyekuwa akimpeleka mchimbaji kazini aliuawa kwa kuangushiwa kipande cha zege. Ziko familia ambazo miaka 30 baadaye bado hazijapatana, na wapo waliozikwa bila ndugu zao kuwasamehe.

Jambo lililomwangusha mwenyewe lilikuwa kodi ya kichwa, iliyoanzishwa Scotland mwaka 1989 na England na Wales mwaka 1990. Katika eneo moja, tajiri mwenye kasri na mfagiaji wa barabara walitakiwa kiwango kimoja kwa kila kichwa, ingawa wenye hali duni kabisa walipunguziwa. Tarehe 31 Machi 1990 maandamano makubwa ya London yaligeuka ghasia. Sisi ambao zaka yetu ina nisabu, na asiyefikia nisabu hatozwi, hatuhitaji kuelezwa kwa nini watu waliiona kodi ile kuwa ni dhulma.

Neno lililokatwa katikati

Kuna neno lake moja linalotajwa kila siku, kwamba hakuna kitu kiitwacho jamii. Alilisema katika mahojiano na jarida la wanawake mwaka 1987, na wengi hulitumia kama ushahidi wa ukavu wa moyo wake. Lakini katika mahojiano hayo hayo alisema pia kwamba ni wajibu wa mtu kujitazama mwenyewe na kisha kumsaidia jirani yake. Mtu ana haki ya kulipinga neno lote. Hana haki ya kulikata. Anayelikata ni kama msomaji wa Surat Al-Maun anayesimama kwenye aya ya 4 na kuiacha aya ya 5, akawafanya wenye kusali wote kuwa watu wa maangamizi.

Mambo yaliyotugusa Waafrika na Waislamu

Agosti 1979 alikwenda Lusaka kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Huko Mwalimu Nyerere, Rais Kaunda na wenzao walimkabili juu ya suala la Rhodesia. Wengi walitarajia ataushikilia upande wa walowezi. Badala yake alikubali njia ya mazungumzo, yakafanyika Lancaster House mjini London, na tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikawa huru. Kwa upande mwingine, alikataa katakata vikwazo vya uchumi dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini, na mwaka 1987 alikiita chama cha ANC chama cha kigaidi. Alisema pia kwamba Mandela aachiwe huru, na Mandela alipotoka gerezani alikwenda kuonana naye London Julai 1990.

Aprili 1986 aliruhusu ndege za Marekani ziruke kutoka viwanja vya Uingereza kwenda kuzipiga Tripoli na Benghazi, na raia walikufa. Ilipozuka kadhia ya kitabu kilichomvunjia heshima Mtume wetu (S.A.W.), Waislamu wa Uingereza waliomba sheria ya kukashifu dini, iliyokuwa ikiulinda Ukristo peke yake, iwalinde na wao. Serikali yake ilikataa kuibadilisha.

Lakini mwaka 1992 na 1993, Waislamu wa Bosnia walipokuwa wakichinjwa na mataifa makubwa ya Ulaya yakijivuta, bibi huyu, akiwa keshatoka madarakani, alisimama hadharani akataka Wabosnia wapewe silaha za kujilinda, na akailaumu Ulaya kwamba kwa kukaa kimya inakuwa kama mshirika wa mauaji. Chama chake mwenyewe ndicho kilichokuwa kikitawala, na serikali hiyo haikupenda maneno yake. Muislamu anayeyataja ya Libya na asiyataje ya Bosnia hajapima, amechagua.

Mizani ya sharia

Baada ya kuyajua haya, hukumu zinazotuhusu ni hizi.

*Kwanza, uadilifu ni faradhi hata kwa tusiyempenda.* Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Maida, aya ya 8, ametukataza kuiacha chuki yetu kwa watu itutoe kwenye uadilifu, na akaufanya uadilifu kuwa ndio ulio karibu zaidi na ucha Mungu. Amr bin Al-As (R.A.) alipigana na Warumi kwa miaka, lakini walipotajwa mbele yake alizihesabu sifa zao njema, kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim: utulivu wao wakati wa misukosuko, wema wao kwa maskini, yatima na mnyonge, na kuzuia kwao dhulma za wafalme. Na Mtume (S.A.W.) baada ya Badr alimkumbuka Mut'im bin Adi, aliyekufa akiwa mshirikina, kwa hisani aliyomfanyia Makka, akasema kwamba lau angekuwa hai na kuwaombea mateka wale, angemwachia. Hilo limo katika Sahihi ya Bukhari. Kumtajia asiyekuwa Muislamu wema wake si kuisifu dini yake.

*Pili, aliyedhulumiwa ana haki ya kusema.* Katika Surat An-Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa hapendi maneno mabaya yatangazwe, akamtoa aliyedhulumiwa. Imamu Nawawi katika Riyadh as-Salihin ameyahesabu mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa asichokipenda, na la kwanza ni malalamiko ya aliyedhulumiwa. Kwa hivyo mchimbaji aliyepoteza kazi, kijiji na ndugu, akiyasimulia yaliyomfika, huyo hasengenyi. Haimpasi mtu aliyenunua nyumba kwa bei ya chini kumwambia anyamaze, kama ambavyo haimpasi mchimbaji kumwambia mwenzake kwamba nyumba yake si neema. Kila mmoja anatoa ushahidi wa lililofika mlangoni kwake, na hakimu hahukumu kwa shahidi wa upande mmoja.

*Tatu, historia si matusi.* Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Na imesihi kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba jeneza moja lilipita watu wakalisifu, na jingine likapita wakalisema vibaya, na Mtume hakuwakemea. Wanazuoni wameziunganisha hadithi hizi: kueleza vitendo vya mtu wa umma kwa ukweli, ili watu wajifunze, kunaruhusika. Kutukana, kukebehi umbo au jinsia yake, na kumzushia, hakuruhusiki.

*Nne, kufurahia kifo.* Hapa panahitaji ufafanuzi, kwa sababu wako wanaotumia hadithi ya Abu Qatada (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba anapokufa muovu, watu, ardhi, miti na wanyama hupumzika naye. Na imepokewa kwamba Hasan al-Basri alisujudu kwa kushukuru alipopata habari ya kifo cha Hajjaj. Haya ni kweli, lakini tazameni sababu. Hajjaj alikufa akiwa madarakani na upanga wake ungali unaua, na kwa kifo chake dhulma ilikatika. Furaha ile ilikuwa kwa kuondoka dhulma. Bibi huyu alipokufa alikuwa na miaka zaidi ya 22 nje ya madaraka, ajuza aliyepatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Kifo chake hakikufungua chimbo hata moja wala hakikumrudishia mtu kazi. Nani basi alipumzika? Kilichobaki ni shamata, yaani kufurahia msiba wa mwenzako, na hiyo si katika tabia za muumini. Mtume wetu (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoambiwa ni Myahudi, aliuliza kama yule naye si nafsi.

*Tano, pole na dua.* Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wameruhusu kumpa pole asiyekuwa Muislamu aliyefiwa, kwa maneno ya kumfariji. Kumuombea maghfira aliyekufa nje ya Uislamu ndiko kulikokatazwa, kwa dalili ya Surat At-Tawba, aya ya 113. Kijana aliyeko London mwenye jirani au bosi aliyehuzunika anaweza kumpa pole na asiwe na dhambi.

Urithi wa kweli wa mtawala

Katika Surat Yasin, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametujuulisha kwamba yanaandikwa waliyoyatanguliza watu na athari zao pia. Mtawala hufa, lakini athari yake hubaki ikiandikwa. Nyumba aliyomilikisha mtu ni athari. Ndugu wawili wasiozikana ni athari pia. Ndiyo maana masahaba waliogopa uongozi. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga, na mchunga haulizwi kuhusu kondoo walionenepa tu. Huulizwa na wale waliobaki nyuma.

Sera huenda ikawa sahihi kwa hesabu na ikawa dhulma kwa namna ilivyotekelezwa. Huenda machimbo yale yasingeweza kuendelea. Lakini kumfungia mtu riziki yake bila kumuandalia nyingine, na kisha kumhesabu kuwa ni adui wa ndani ya nchi kwa sababu amelia, hilo ndilo lililotia sumu. Watu husahau hasara ya mali kabla ya kusahau kudharauliwa.

Na sisi visiwani

Tusiisome habari hii kama ya watu wa mbali. Baada ya uchaguzi wa 1995 tulishuhudia, Unguja na zaidi Pemba, watu wakisusiana maduka, harusi, na hata maziko, kwa sababu ya vyama. Jirani alikufa na jirani hakwenda kumzika. Mwenyezi Mungu akatujaalia maridhiano ya mwaka 2009, na nyoyo zikapoa kwa kiasi chake. Kila ukija uchaguzi, makaa yale hupulizwa tena, na siku hizi hupulizwa kwa simu: kiongozi akifa, kabla hajaoshwa, kuna wanaotuma vichekesho na kuna wanaomfanya walii.

Basi enyi wazazi, wafunzeni watoto wenu mambo matatu. Wakisikia kiongozi anasifiwa au kulaaniwa, waulize: huyu anayesema, ni kipi kilichofika mlangoni kwake? Kisha wamtafute aliye mlango wa pili wamsikilize na yeye. Na wajue kwamba haki ya Muislamu kuzikwa na nduguze haiondoki kwa kadi ya chama. Aliyesusia maziko kwa ajili ya mwanasiasa, mwanasiasa huyo hatokuja kumzika yeye.

Bi Thatcher amekwisha kukutana na hesabu yake, na Mola wetu hamdhulumu mtu hata uzito wa chembe. Surat Al-Baqara, aya ya 134, inatufundisha kwamba waliopita wana yao waliyoyachuma, nasi hatutaulizwa waliyokuwa wakiyatenda. Tutaulizwa ndimi zetu, ushahidi wetu, na ndugu tuliowanunia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wanaowahurumia raia zao, na atuepushe na ulimi unaodhulumu walio hai na waliokufa.

Wallahu a'lam.